Vidole Vinne Ndani ya Mshono

Nguo ya kuazima ndiyo inayositiri. Anayetaka kubisha na abishe, lakini Bistok Manurung aliliamini neno hilo kama wengine wanavyoiamini sala ya asubuhi, na zikiwa zimebaki wiki tano afunge ndoa, alikuwa tayari kugombana na ukoo mzima kwa ajili yake. Koti la harusi angelikodi. Alivae siku moja, alirudishe kesho yake, mchezo uishe.

"Mchezo?" mama yake aliuliza, mwiko mkononi, mvuke wa samaki wa manjano ukimpanda usoni. "Harusi yako ni mchezo?"

"Si harusi, Mama. Koti."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako, Bistok."

"Siazimi. Nakodi. Nalipa, nasaini, napewa."

"Sawa. Na Jumamosi itakayofuata utavaa nini? Utakodi tena? Na ile ya pili yake?"

Hapo Bistok aliinamia kikombe chake cha kahawa, akakoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka.

Balige, pembeni mwa Ziwa Toba kisiwani Sumatra, mwanamume hahesabiwi kuwa mtu mzima kwa ndevu wala kwa mshahara. Mseja, hata awe na mvi, siku ya sherehe yuko nyuma ya ukumbi pamoja na wapishi, fulana imelowa jasho, anakata nyama ya nguruwe na kukoroga masufuria. Akioa, anahamia mbele. Anapewa nafasi mkekani, anapewa zamu ya kusema, anapewa fungu lake la nyama mbele ya macho ya watu wote. Anapewa na kazi ya maisha: kila Jumamosi harusi ya fulani, au msiba wa fulani, na kote huko haendi bila koti. Jua liwake, mvua inyeshe, koti. Ndiyo maana wanaume wa huko hununua koti la harusi wakalivaa mpaka likapauka kwapani. Matumbo yakiongezeka, mishono hufumuliwa ikashonwa upya. Na siku wanapolala moja kwa moja, wanalazwa nalo. "Ameondoka na koti lake la harusi," watu husema msibani, na husema kwa sifa, kama wanaomsifu mtu aliyeimaliza kazi aliyoianza.

Sifa hiyo ilikuwa imemkwama Bistok kooni kwa miaka ishirini na mitano.

Alikuwa na miaka sita siku lori la vitunguu lilipomrudisha baba yake nyumbani akiwa amefunikwa. Sebuleni waliweka jeneza, na kichwani pa jeneza wakaweka picha ya harusi. Katika picha Marolop Manurung alikuwa amevaa koti jeusi. Katika jeneza Marolop Manurung alikuwa amevaa koti jeusi. Shangazi yake mkubwa alijitupa juu ya jeneza akalia kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani: "Ameondoka na koti lake la harusi, na hata halijapauka!" Mtoto akatazama picha, akatazama jeneza, akajumlisha mwenyewe. Koti hununuliwa, huning'inizwa kabatini, hungoja.

Marolop alikufa akiwa na miaka thelathini na mmoja. Sasa Bistok alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

La kukodi halingoji kabatini. Linarudi dukani, linavaliwa na mwingine. Lakini angemwambia nani maneno hayo? Yeye ni fundi wa pikipiki, mwenye cheti cha chuo ukutani na vijana wawili anaowafundisha kazi. Anaingiza mkono kwenye injini ya moto bila kupepesa jicho. Aseme anaogopa kitambaa? Kwa hiyo alisema koti ni ghali, akasema joto limezidi, akasema mitindo inabadilika kila mwaka. Ukweli alimwambia mtu mmoja tu, mchumba wake Lamria Siahaan, muuguzi wa zahanati, mezani kwa muuza ndizi za kukaanga. Lamria hakucheka. Alifuta mafuta vidoleni, akafikiri.

"Basi tukodi," alisema. "Lakini mwambie mama yako sababu."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Baada ya harusi."

"We bwana, una akili timamu kweli? Mtu anauguza kidonda miaka yote hiyo halafu anataka kukionyesha kimeshapona?"

Hakumwambia. Na kwa kuwa hakumwambia, mama yake alifanya kile ambacho kila mama wa Balige hufanya mwanawe akiwa mbishi: alimwita kaka yake.

Mjomba Monang alifika Jumatatu asubuhi na sauti yake ikamtangulia mlangoni. Mjomba huyu hakuwa wa kupuuzwa. Kwao, ukoo anakotoka mke ndio unaotoa baraka, na atakayewadharau wakwe zake asishangae mpunga wake ukikauka shambani. Yeye ndiye aliyekuwa mkwe mwenye kauli siku Marolop alipomwoa dada yake, na kwenye kila harusi aliyoalikwa tangu siku ile alikuwa na hadithi moja, hiyo hiyo, ambayo hakuna aliyeweza kumzuia kuisimulia.

"Unasema ukodi?" alianza kabla hata ya kukaa. "Wewe, mwana wa Marolop? Unamjua baba yako alikuwa mtu wa namna gani?"

"Ninamjua, Mjomba."

"Humjui! Siku ya harusi yake, toka mlango wa kanisa mpaka dakika tuliyomvika ulos mabegani, shuka yetu ya baraka, hakutupa mgongo sisi wakwe zake hata mara moja. Hata moja! Tukiwa mbele, anatutazama. Tukiwa nyuma, anageuka. Aliingia ukumbini kinyumenyume kama kaa, mbele ya watu mia nne, akapanda jukwaani kinyumenyume, ngazi tatu. Wazee wetu walilia. Walisema, heshima namna hii haijawahi kuonekana pande zote za ziwa hili. Halafu mtoto wa mtu kama huyo anataka kuoa na koti la kupanga?"

Mama Bistok alikuwa akimimina kahawa. Kikombe kilijaa, naye akaendelea kumimina mpaka kahawa ikamwagika kwenye kisahani. Bistok aliona, akadhani ni uchungu wa kumkumbuka marehemu.

"Twendeni kwa fundi," mama alisema. "Maneno hayashoni."

Duka la Baba Togap lilikuwa na pande mbili. Upande wa kushoto, chini ya karatasi za nailoni, zilining'inia nguo za kukodisha, na katikati yake koti la tuksedo, jeusi, kola yake ya satini iking'aa kama mgongo wa mende. Upande wa kulia ilikuwepo cherehani, meza ya kukatia, na fundi mwenyewe, utepe wa kupimia shingoni. Lamria alikuwa amekwisha kufika, amevaa sare ya kazini, saa ya ukutani akiitazama mara kwa mara.

Bistok hakusubiri kuulizwa. Alikwenda moja kwa moja upande wa kushoto, akaingiza mikono ndani ya tuksedo.

"Hilo limeozesha wanaume arobaini na mmoja," Baba Togap alisema kwa fahari.

"Na wote walirudi?"

"Walirudi wapi?"

"Hapa. Kulirudisha."

"Wote. Mmoja alilirudisha na mchuzi wa nguruwe uliopikwa kwa damu kwenye kola, nikamlipisha usafi. Lakini alirudi."

Bistok alishusha pumzi. Alijigeuza mbele ya kioo. Mabega yalibana kidogo, mikono ilikuwa mifupi kwa upana wa kidole, na hakujali hata chembe. Wanaume arobaini na mmoja, wote hai, wote wamelirudisha kwa mikono yao. Lilikuwa koti jema kuliko yote aliyowahi kuyaona.

"Unafanana na mwimbaji wa hotelini," alisema Mjomba Monang.

"Linambana," alisema mama. "Baba Togap, mpime. La kushona."

"Mama, nimeshasema—"

"Kupimwa hakuui. Simama wima."

Fundi alimvua koti, akaupitisha utepe kifuani. Ulikuwa wa baridi, na Bistok aliusikia ukimzunguka mbavu moja baada ya nyingine. Fundi akapima bega. Akapima kutoka shingoni hadi kiunoni. Akasema namba kwa sauti ya chini, akaandika, akapima tena. Na hapo Bistok akakumbuka kitu ambacho hakujua kwamba anakikumbuka: seremala mwenye penseli sikioni, amepiga magoti sebuleni kwao, anaivuta futi yake kutoka utosini mwa baba yake mpaka kwenye nyayo, akisema namba kwa sauti ya chini.

Aliusukuma utepe kando. Alikaa juu ya meza ya kukatia, juu ya vipande vya nguo za watu wengine.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi nini?" Mjomba akamaka. "Amepatwa na nini huyu? Hajanywa chai?"

Lamria alikuwa tayari amemshika kifundo cha mkono, anahesabu mapigo kwa macho yaliyotulia. "Mwambie," alisema polepole. "Sasa hivi. Usipomwambia wewe, namwambia mimi."

Basi akasema. Alilisema lote huku akiangalia sakafu: picha, jeneza, shangazi, koti ambalo halikuwa limepauka. Kwamba ana umri ule ule. Kwamba akinunua koti anaona kama amenunua nguo ya siku nyingine kabisa, na siku hiyo itamsikia na kuja kuichukua. Alipomaliza, cherehani ya duka la jirani ilisikika, na mtu akipiga chafya barabarani.

Mama Bistok alivuta kiti akaketi. Alimtazama mwanawe, halafu akamtazama kaka yake, akamtazama muda mrefu, kama mtu mwenye mizigo miwili na mkono mmoja. Kisha akauweka mmoja chini.

"Koti lile halikuwa lake," alisema.

"Lipi?" aliuliza Bistok.

"La kwenye picha. Lilikuwa la mpiga picha wa Porsea. Alikuwa nalo studio kwa ajili ya watu wasio na koti, unavaa, unapigwa picha, unavua. Baba yako alimkodi pamoja na koti lake, siku nzima. Hatukuwa na kitu, Bistok. Nguruwe walikwisha kununuliwa, ukumbi ulikwisha kulipiwa, na koti likawa la mwisho."

"Dada," alisema Mjomba Monang, "unasema nini?"

"Nasema lilikuwa dogo. Kanisani tulipiga magoti kubarikiwa. Mchungaji akasema amina, Marolop akainuka, mgongo wa koti ukapasuka toka kolani mpaka kiunoni. Mimi nilisikia, mchungaji akasikia; nikasimama nyuma yake kabla watu hawajafumbua macho. Nikachomoa pini kwenye utaji wangu, tulipokuwa tunasaini kitabu cha ndoa, nikambana nazo. Pini saba. Nikamwambia, ukiwapa mgongo wakwe zako leo, mimi na wewe tumekwisha."

 Baba Togap, ambaye naye alikuwa ameisikia hadithi ya Marolop kwenye harusi zisizopungua kumi, aliushusha utepe shingoni taratibu, kama mtu anayevua kofia.

"Kinyumenyume," Mjomba alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ngazi tatu."

"Ngazi tatu, kaka. Mimi nilikuwa namhesabia kwa kunong'ona."

"Lakini tulipomvika ulos alilia! Mimi mwenyewe ndiye niliyeishika ile nguo upande wa kulia, nikaona machozi!"

"Alilia kweli. Pini moja ilikuwa imemchoma toka saa nne asubuhi. Mlipomfunika na ulos, ndipo alipoweza kujikuna."

 Bistok alidhani ni kilio kinachomjia, akaziba mdomo kwa kiganja. Hakikuwa kilio. Alicheka mpaka meza ikatikisika, mpaka mkasi ukaanguka chini, na Lamria akacheka kwa kumwona yeye, na fundi akageukia ukutani ili asionekane.

"Na lile la kwenye jeneza?" aliuliza, alipopata pumzi.

Uso wa mama ukalegea. "Hilo nililinunua mimi. Asubuhi ile ile, sokoni, kabla hawajamleta. Jumamosi zote alikuwa akivaa la kuazima, nikaona haya aondoke duniani na shati. Mikono ilikuwa mirefu, nikaikunja kwa sindano, pale pale sebuleni. Alilivaa mara hiyo moja. Shangazi yako alipolia kwamba ndilo la harusi, nikanyamaza. Ningesema nini mbele ya ndugu zangu? Nilijua watu wamesikia. Sikujua wewe umesikia."

 Miaka ishirini na mitano Bistok alikuwa ameliogopa koti lililomfuata baba yake toka kanisani mpaka kaburini, kumbe hakuna koti la namna hiyo. Yalikuwa mawili yasiyojuana. Moja liliraruka, likarudishwa Porsea na bila shaka mpiga picha alitukana. La pili halikuwahi kungoja kabatini hata usiku mmoja.

"Ngoja kwanza," alisema Lamria, mikono kiunoni. "Kwa hesabu zako, aliyekodi ndiye aliyekufa kijana. Sasa tufanyeje? Uoe kifua wazi?"

"Kilichomuua baba yako ni breki ya pikipiki iliyokatika mteremkoni," alisema mama. "Wewe ni fundi. Breki unazijua."

Ndiyo, alizijua. Kila siku alizishika mkononi: zinalika, zinabadilishwa, na zisipobadilishwa hazimuulizi mtu amevaa nini. Alishangaa ni kwa nini hakuwahi kuliweka jambo hilo mbele yake hivyo, waziwazi, kama kipuri juu ya gazeti. Alisimama. 

"Nipime," alimwambia Baba Togap.

Fundi alimpima upya tangu mwanzo, safari hii kwa mbwembwe. Alieleza kwamba atashona tuksedo kamili, satini na yote, na wiki moja baada ya harusi arudishiwe koti, aibandue satini aweke kola ya kitambaa cha kawaida, liwe koti la Jumamosi zote. Mjomba aliitikia kwa kichwa tu.

"Kwa kawaida," fundi alisema, kalamu mdomoni, "naacha vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono. Mtu akinenepa nafumua, natoa kidogo. Viwili vinakutosha miaka kumi, kumi na mitano hivi. Nikuachie viwili?"

Bistok alijitazama kwenye kioo. Aliona tumbo ambalo hajalipata, na mvi ambazo hajaziota, na mkeka, na fungu la nyama, na mwanamume mnene anayesimulia hadithi ambayo hakuna awezaye kumzuia kuisimulia.

"Acha vinne," alisema.

"Vinne! Unataka koti au hema?"

"Vinne, Baba Togap. Na mgongoni shona mara mbili."

Lamria aliangalia saa, akasema wagonjwa hawangoji, lakini kabla ya kutoka alimshika mchumba wake sikio akalivuta, jambo ambalo hufanywa kwa watoto na kwa watu wanaopendwa sana. Mama Bistok alikuwa ameinama akiokota mkasi ulioanguka. Alipoinuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyevua kiatu kilichombana njia nzima.

Ndipo Mjomba Monang alipopata tena sauti.

"Dada," alisema, "tuzungumze sasa mimi na wewe."

"Zungumza."

"Nimeisimulia ile hadithi mbele ya maaskofu. Nimeisimulia Medan, nimeisimulia Jakarta, kwenye harusi ya mtoto wa jenerali. Nimewaambia vijana wa watu, mwigeni Marolop. Kuna kijana kule Laguboti alimwiga, akatembea kinyumenyume, akaanguka akavunjika mkono!"

"Nilisikia. Pole yake."

"Na wewe unakaa pale mstari wa mbele, umevaa kebaya yako ya sherehe, unaitikia kwa kichwa! Miaka yote! Mumeo alitufanya wapumbavu, mimi na wazee wangu, na wewe ndiye uliyeshika pini. Sisi ni wakwe. Tunastahili heshima. Nataka uniombe radhi, hapa, mbele ya mwanao na mbele ya fundi."

Mama Bistok aliuweka mkasi mezani. Alilitazama lile koti la kukodi, ambalo fundi alikuwa amelirudisha chini ya nailoni yake, kola ikimetameta.

"Mume wangu alitoboka mgongo siku nzima ili nyinyi msione aibu ya binti yenu kuolewa na mtu asiye na koti," alisema. "Kama hiyo si heshima, sijui heshima ni nini. Mimi nilimsitiri siku ile kwa pini, na nikamsitiri tena kwa kunyamaza. Leo nimemfunua kwa ajili ya mwanawe, si kwa ajili yako. Na kwenye harusi ya Bistok utasimama, utaisimulia hadithi yako vilevile, na mimi nitaitikia kwa kichwa."

"Uniombe radhi kwanza."

"Siombi."

"Dada!"

"Siombi radhi, kaka. Leo siombi, na kesho usinitumie mtu kuja kuniuliza."